Siku Tatu Nairobi na Mabarobaro: Mwongozo kwa Mzazi wa Jomvu Kuu

Mtu wa Likoni akitaka kupanda treni ya SGR, huwa na safari kabla ya safari: avuke feri, apenye mjini, apambane na malori ya Changamwe, ndipo afike Miritini. Wewe wa Jomvu Kuu umejengewa stesheni jirani na kwako. Treni hii ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tangu hapo Nairobi ni mwendo wa saa tano au sita ukiwa umekaa kitini. Hata hivyo, si vigumu kupata mtoto wa sekondari hapa mtaani anayeijua Nairobi kwa video za simu tu. Kama una vijana wa miaka 13 hadi 17 nyumbani, na likizo ya Agosti inakuja, fikiria kuwapeleka. Siku tatu, usiku mbili. Zaidi ya hapo mfuko utalia, na wao wenyewe wataanza kununa.

Kabla ya kugusa tiketi, amua nani anakwenda. Barobaro mmoja akiwa peke yake na wazazi wake hugeuka bubu mwenye vitu masikioni. Mtilie binamu wa rika lake, utaona tofauti. Mtu mzima mmoja kwa vijana wawili au watatu ni hesabu inayobebeka, wanne ni wengi. Ukichukua mtoto wa dada yako au wa jirani, beba barua fupi ya mzazi wake yenye nambari ya simu, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Beba nakala za wako pia.

Kisha waite wote mkae kikao, na hapa ndipo safari hii inapofaulu au kuharibika. Wazazi wengi wa kwetu hupanga kila kitu wenyewe halafu hulalamika watoto hawana shukrani. Wape madaraka. Mmoja awe mshika tiketi, mwingine awe wa ramani na njia, mwingine ashike daftari la matumizi. Halafu kila mmoja achague pahali pamoja anapotaka kwenda, na wewe uchague pamoja. Mkiwa wanne, hayo ni maeneo manne kwa siku tatu, na yanatosha kabisa. Anayechagua ndiye atakayetafuta saa za kufunguliwa, kiingilio na namna ya kufika. Akikosea, mtakwenda mkute mlango umefungwa, na utauma ulimi wako usiseme, "Si nilikwambia?" Mambo mawili tu yabaki kwako, wala yasiwe na mjadala: mtalala wapi, na saa ya kurudi chumbani.

Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na hulipwa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500 kwa safari nzima ya Miritini hadi Nairobi. Nusu nauli ni ya watoto wadogo, wanaoishia miaka 11. Barobaro hulipa kama baba yake. Mtu mzima na vijana watatu, kwenda na kurudi daraja la kawaida, ni shilingi 12,000 kabla ya kula hata sambusa. Kateni mapema. Wiki ya kufungwa shule na siku za Idi, behewa hujaa.

Daraja la kwanza usilitamani kwa safari ya vijana. Daraja la kawaida lina viti vinavyotazamana, vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, na familia iliyokaa uso kwa uso hucheza karata, hugawana mahamri na hutaniana na abiria wa pembeni.

Chagua treni ya asubuhi, ile inayoondoka saa mbili na kusimama njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Ya mchana huenda moja kwa moja, lakini giza huikuta njiani. Ya usiku huwashusha Syokimau kabla ya alfajiri, na hapo mzazi mwenye watoto wenye usingizi hana raha. Mkienda na ya asubuhi mtapita Tsavo mchana mweupe, na tembo wa huko ni wekundu kwa vumbi la udongo wao. Kaeni upande wa kushoto wa mwendo: milima ya Taita iko upande huo, na hewa ikiwa safi, hata Kilimanjaro.

Sasa tahadhari ya watu wa kwetu. Kwa kuwa stesheni iko karibu, mtu wa Jomvu Kuu hutoka nyumbani amechelewa kuliko wa Likoni. Lori moja likifa barabarani kwenye njia kuu, tuktuk yenu itasimama hapo huku mkisikia treni ikiondoka. Fikeni saa nzima kabla. Mlangoni mtaambiwa mpange mabegi sakafuni kwa mstari ili mbwa wa polisi wayanuse, kisha yapitishwe kwenye mashine. Mwenye kujali unajisi afunike begi lake kwa mfuko wa nailoni anaoweza kuuvua baadaye. Kisu cha kumenyea maembe kibaki nyumbani.

Nguo nazo zina somo lake. Agosti, usiku wa Nairobi unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mtoto aliyekulia joto la Mombasa hajui baridi hiyo inaingilia wapi. Atakwambia fulana yenye kofia inatosha. Haitoshi. Nendeni Kongowea wiki moja kabla, mpekue mitumba, kila mmoja apate sweta nzito na soksi. Viatu viwe vya kutembelea, maana Nairobi ni mji wa miguu, na watu wake hutembea kama wanaofukuzwa.

Mkishafika Syokimau, msikimbilie wenye teksi wanaowaita. Pale pale stesheni kuna treni ndogo inayosubiri abiria wa SGR na kuwapeleka hadi stesheni ya zamani katikati ya mji, kwa nauli nafuu. Ni polepole, lakini mwenye ramani wenu ataona mji ukianza kidogo kidogo, viwanda kwanza, kisha mitaa ya mabati, kisha maghorofa. Mkichukua teksi ya programu, ulizeni mapema kama itapita barabara ya juu, ile iliyofunguliwa 2022, na nani analipa ushuru wake. Mara nyingi ni nyinyi.

Malazi ni uamuzi wako, na kishawishi kikubwa ni kwa jamaa. Una shangazi South C, una ndugu wa mumeo Eastleigh, na wote watakasirika wakisikia mmelala kwingine. Pima vizuri. Kitanda cha bure hukugharimu siku nzima: asubuhi kuna chai ndefu, mchana kuna wa kuamkiwa, jioni kuna pilau, na watoto wamekaa sebuleni wakitazama runinga ambayo hata Jomvu wanayo. Ushauri wangu ni kulala kwa kulipia na kumtembelea shangazi jioni moja, na zawadi ya halua au maembe ya kwetu mkononi. Kwa bei ya wastani na mazingira ya familia, ulizieni YMCA ya State House Road au YWCA ya Mamlaka Road. Zote zimepakana na mitaa ya chuo kikuu, na mnaweza kutembea hadi mjini kwa miguu. Vyumba vya River Road ni rahisi, lakini muziki na mabasi ya usiku havitawapa usingizi, na si mtaa wa kumwacha binti asubiri mlangoni.

Siku ya kwanza mtafika mchana mmechoka kukaa. Msianze na makumbusho. Nendeni KICC, jumba la duara la ghorofa 28 lililokamilika 1973, mlipe kiingilio mpande hadi juu kabisa kwenye uwanja wa helikopta. Nendeni kabla ya magharibi. Barobaro akiuona mji wote kwa mara moja, mbuga ikiwa upande mmoja na vilima vya Ngong upande wa pili, kesho yake hapotei ovyo. Mwenye ramani aonyeshe kwa kidole stesheni iko wapi, Msikiti wa Jamia uko wapi, mmelala wapi. Hapo juu upepo ni mkali, na sweta ya Kongowea itapata heshima yake.

Msikiti wa Jamia ujueni mapema hata kama si siku ya Ijumaa. Uko katikati ya mji, karibu na soko la City Market, una nafasi ya wanawake na sehemu ya kutawadhia. Katika mji ambao choo safi ni tatizo, hiyo ni neema ya pili. Ndio pia alama nzuri ya kukutana mkipotezana. Wenyeji hukutana nje ya jengo la Archives, Moi Avenue, lakini pale umati ni mkubwa na wezi wa mifukoni wanapajua kuliko nyinyi. Afadhali kuingia ndani: ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa za Afrika wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Na mkitoka, mbele yenu kuna sanamu ya Tom Mboya, karibu na pale alipouawa kwa risasi Julai 5, 1969. Kijana anayesoma historia shuleni atakuwa na maswali. Mjibu unachokijua, kingine akitafute mwenyewe.

Siku ya pili ndiyo siku ya kazi, na kama chaguo lako wewe mzazi halijaenda popote, liweke kwenye Makumbusho ya Reli. Wengi hupita bila kuyaona kwa sababu yamejificha nyuma ya stesheni ya zamani. Kwa mtoto wa Jomvu, hapa si mbali na nyumbani. Reli iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1896 ilipanda Changamwe na kupita Miritini kuelekea Mazeras, na ikaufikia uwanda uliokuja kuwa Nairobi mwaka 1899. Pale uwanjani limesimama Mount Gelai, injini nambari 5918, mojawapo ya yale majitu ya mvuke 34 yaliyoundwa Manchester miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalivuta mizigo ya bandari kati ya Mombasa na Nairobi. Babu wa mwanao, kama alikulia pande zetu, pengine aliyasikia yakipumua kwenye mlima wa Mazeras. Mpigieni simu ya video palepale, mbele ya injini. Wapandisheni wote ndani, waguse chuma, wachungulie tanuri la moto.

Kisha watafutie behewa la Ryall. Mwaka 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alikaa usiku ndani ya behewa lake kwenye stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akiua watu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Behewa lenyewe lipo, si mfano, na dirisha lipo. Simulizi hii ina uzito zaidi kwa mtu ambaye jana yake tu amepita nchi hiyo hiyo kati ya Emali na Athi River akila krisps. Waongezeeni na ya Tsavo, mwaka 1898, ambako simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja. John Patterson, aliyewaua, alidai walikula watu 135. Watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao, ambao wamehifadhiwa Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba ni kama 35. Waachie vijana wabishane ni nani wa kuaminiwa. Ubishi huo utawafikisha hadi chakula cha mchana.

Makumbusho ya Taifa, kule Museum Hill, ni makubwa, na kosa la wageni ni kutaka kuyamaliza. Barobaro ana saa moja na nusu ya utulivu, si zaidi. Nendeni moja kwa moja kwenye chumba cha mabaki ya binadamu wa kale. Yumo mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita, alikufa akiwa bado mtoto, na tayari alikuwa na kimo cha kama sentimita 160. Msimamishe mwanao karibu naye ajipime. Mkitoka, yuko Ahmed uani, sanamu ya yule tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa 1974. Hapo imetosha. Ndege na picha za Joy Adamson ni za mwenye kutaka.

Kama mmoja wao atachagua wanyama hai, Nairobi National Park iko ukingoni mwa mji, na ndiyo mbuga ya kwanza ya taifa nchini, ya mwaka 1946. Kuingia mbugani kunahitaji gari, na gari ni gharama. Njia nafuu ni Safari Walk, penye daraja la mbao la kutembelea juu ya mazizi. Malipo ni kupitia eCitizen, wala pesa taslimu hazipokelewi, kwa hiyo mshika daftari afungue akaunti mkiwa bado Jomvu. Na kama mmoja atachagua Karura, mfurahie. Ni msitu ndani ya mji, una baiskeli za kukodi, na leo tungekuwa tukiuhesabu kuwa mtaa wa majumba kama Wangari Maathai na wenzake wasingepigwa wakiutetea mwaka 1999.

Lakini usishangae chaguo la mwanao likiwa si pahali bali ni matatu. Nganya za Nairobi, zenye michoro ya mwili mzima, taa za rangi na muziki wa kutikisa mbavu, ndizo anazoziona kwenye simu yake kila siku. Usimcheke. Pandeni moja mchana, si jioni, kwenye njia fupi, mwende na kurudi. Ulizeni nauli kabla ya kuingia, kwani hupanda mvua ikinyesha na ofisi zikifungwa. Simu isikae mkononi karibu na dirisha lililo wazi. Kuna vijana kazi yao ni kuzipokonya gari likiwa kwenye foleni, na huwa wametoweka kabla hujageuka. Anayetaka kutazama ramani aingie dukani, asimame ndani, atazame, atoke.

Chakula kisiwe vita. Watataka chipsi na kuku, wape siku moja. Kwa Muislamu, Eastleigh haina shida: wali, mbuzi na ndizi ya pembeni kwa mtindo wa Kisomali, kwa sahani inayotosha wawili. Mkiwa huko, binti zako wataona maduka ya BBS Mall na madira ya bei nzuri, basi tengeni saa mbili mkubali yaishe. Waelezeni tu vijana kuhusu mutura, ile soseji nyeusi inayochomwa kando ya barabara jioni na kunukia vizuri sana. Hutiwa damu. Ni heri wajue kabla ya kununua kuliko kuulizana hukumu baada ya kumeza.

Pesa za mfukoni mgawie kila mmoja kiasi chake asubuhi ya siku ya kwanza, na useme wazi kwamba zikiisha zimeisha. Atakayemaliza zake kwa viatu vya Gikomba siku hiyo hiyo amejifunza hesabu. Usimkopeshe.

Vijana wa miaka 15 na kuendelea wape pia saa mbili za peke yao, wawili au watatu pamoja, pahali penye mipaka: ndani ya Sarit Centre kule Westlands, kwa mfano, si mitaani. Simu ziwe na chaji, saa ya kukutana ijulikane, nawe ukae mkahawani uagize chai bila kuwapigia kila dakika tano. Ni jambo gumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto.

Tarehe nazo ziangaliwe. Juni 25 na Julai 7 zimekuwa siku za maandamano katikati ya mji, na barabara hufungwa tangu asubuhi. Msipange safari ya wikendi karibu na siku hizo, hata kama mwanao mkubwa atasema ndiyo hasa anayotaka kuona.

Siku ya tatu msiweke jambo zito asubuhi. Pakieni, mnunue zawadi ndogo, mfike Syokimau kwa treni ndogo au mtoke mjini ifikapo saa saba kama mnapita Barabara ya Mombasa, kwani msongamano wake hauna adabu. Treni ya saa tisa alasiri huwafikisha Miritini usiku, na mlangoni mtakuta wenye teksi wakitaja bei za mgeni wa hoteli ya Nyali. Mwenye tuktuk wa mtaani kwenu aagizwe mapema, mkiwa bado Voi, na mwambie asubiri nje ya lango. Msikubali vijana wakushawishi mtembee kwa kuwa ni karibu. Kando ya njia kuu usiku kuna malori ya makontena yanayoingia na kutoka kwenye yadi, na dereva aliyetoka Malaba hawaoni nyinyi na mabegi yenu.